Sauti ya Chunguni

Mimi tangu utotoni sikuweza kuimba mbele ya macho ya mtu. Nikiwa peke yangu naimba mpaka nasahau ugali jikoni. Niwekee macho mawili tu, koo linafunga. Watu wakisema ni maringo, nachukia. Maringo yangenifaa nini? Mwenye maringo anataka aonekane. Mimi nilitaka kusikika tu, uso wangu ubaki nyumbani.

Aibu ya kwanza niliipata misheni, kule kwetu Ukisi, ambako milima inashuka moja kwa moja mpaka ziwani na nyumba zimebanana kwenye ukanda wa mchanga. Mwalimu Mdachi alinisikia nikiimba huku nachota maji, akafurahi kama mtu aliyeokota jembe njiani. Jumapili akanisimamisha mbele ya kanisa zima, mwenyewe akaketi kwenye kinanda chake cha kukanyaga. Kinanda kikalia. Nikafungua mdomo, pakatoka hewa tupu. Akarudia kile kipande, akanitikisia kichwa nianze. Wapi! Nikahisi maji ya moto yakishuka mapajani, na mama mmoja aliyekaa kwenye magogo ya nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Chungu kimevuja." Kanisa likacheka. Hata Mdachi alicheka, na sidhani kama alielewa anachocheka.

Sisi wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi. Chungu kikubwa cha pombe kina kazi moja ya taabu: kikishakauka kidogo unakilaza ubavu, unaingiza kichwa na bega zima, unasugua ndani kwa kokoto laini mpaka pasibaki tundu la kuvuja. Humo ndani ni giza, mnanukia mvua ya kwanza, na hakuna anayekuona. Siku moja nikajikuta naimba humo. Jamani! Sauti iliyonirudia haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima, kana kwamba mwanamke mwingine ameegemea chungu kwa upande wa pili na anasema ninayosema, ila yeye mambo hayo amekwisha kuyapitia. Nilichomoa kichwa mbio, nikakizunguka chungu nione. Hapakuwa na mtu. Nikajicheka, nikarudisha kichwa.

Nilipoolewa nilivushwa kwa mtumbwi hadi nchi tambarare ya Wanyakyusa, huko mto Songwe unakoingia ziwani, penye migomba mpaka macho yanachoka. Mume wangu hakuninyima kazi yangu. Kila kiangazi alipiga kasia kwenda kwetu, akaniletea udongo, na akanijengea kibanda cha vyungu ufukoni, mbali na nyumba, mlango ukitazama maji. Kisha watu wa boma la Wadachi wakamchukua kubeba mizigo yao kupanda milimani, yeye na karibu vijana wote, nikabaki na wakwe.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo. Kwa Wanyakyusa wa wakati ule, mke wa mtoto hamwoni baba mkwe wake, wala baba mkwe hamwoni yeye. Si mzaha! Ukimkuta njiani unajitupa porini. Ukikosa pori unajifunika nguo kichwani, unachutama, unampa mgongo. Humsemeshi, na hukai naye chini ya paa moja. Macho yakikutana, walisema, tumbo la mwanamke linafunga, hazai tena. Mimi Mkisi nilinung'unika sana moyoni, lakini sikuwa bado na mtoto, na nani anataka kujaribu?

Baba mkwe wangu alinirahisishia. Kila alipokaribia kona au mlango alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha makusudi, kisha akasimama kidogo nipate kukimbia. Uso wake sikuujua. Nilijua kile kikohozi, na visigino vyake vilivyopasuka, maana nikichutama chini ya nguo niliona miguu inapita. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, mwaka baada ya mwaka, na nawaambieni, nimezungumza na watu wengi wa maneno mengi ambao hawakuwa na adabu kama ile.

Nyumba hiyo ilikuwa na msiba ambao haukuzikwa. Binti yao, wifi yangu ambaye sikumkuta, alizama ziwani kabla sijaolewa. Alikwenda kuosha vyombo, vyombo vikaonekana vimepangwa juu ya mawe, vikiwa safi, yeye hakuonekana tena. Baba yake alikataza watu wasilie. Alisema hawezi kulia msiba usio na maiti.

Basi mimi kibandani, saa za jua kali watu wakiwa vivulini, niliimba. Niliweka chungu mdomo ukielekea maji, nikaingiza kichwa kwa pembeni, nikaimba maneno yangu mwenyewe: udongo wangu, nani atakunywa kwako nikiwa sipo? Sauti ilitoka mle ikaenda zake ziwani. Haikupita muda wavuvi wakaanza kusema. Kuna mwanamke anaimba majini, walisema. Mara yuko kwenye matete, mara yuko chini ya mtumbwi. Ni mmoja wa waliokufa, waliapa, maana mtu aliye hai hana sauti ya namna ile. Wengine wakaanza kumwachia ndizi mbivu juu ya mawe. Tumbili wakanenepa.

Na mimi je? Nilivimba kichwa, kwa nini nifiche! Natwanga kinuni, wanawake wanaisifu ile sauti mbele yangu, wanasikitika mpaka wanafuta macho, nami natwanga tu. Hakuna anayenitazama. Huo ndio wimbo niliokuwa nautamani maisha yangu yote, unaosikika bila mwenyewe kusimamishwa mahali. Mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa pilipili, aliniambia, "Wewe nawe, ungeimba hata robo ya yule wa ziwani, tungekupeleka kwa chifu ukatuletee ng'ombe." Nikamjibu, "Mama, mimi nikifungua mdomo hata kuku wanakimbia." Akacheka.

Siku moja nimo chunguni mpaka mabegani, nikanyamaza kidogo kuvuta pumzi. Nikasikia mtu mwingine anapumua. Alikuwa nje, upande wa maji, kando ya mlango, nyuma ya ukuta wa matete wa kibanda. Nikangoja mwenyewe abishe hodi. Hakubisha. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto atoke uvunguni:

"Mwanangu, maji ya huko ni baridi?"

Sauti ile niliisikia kila siku ng'ambo ya ukuta wa nyumba akiongea na mkewe. Alikuwa baba mkwe, na hakukohoa. Mtu ambaye hakuwahi kukata kona bila kukohoa alikuja mpaka pale kimya kimya, maana aliamini hapakuwa na mtu aliye hai wa kukoholewa.

"Mama yako amezeeka," akaendelea. "Mimi pia nimechoka. Unaniita, nasikia. Nije?" Mawimbi yakapiga mchanga. "Ukiimba tena nitajua umekubali. Nitakuja."

Ee Mungu wangu! Nilijiziba mdomo kwa mikono yangu yenye udongo. Siwezi kutoka nikamwambia baba, ni mimi, mke wa mwanao, nasugua vyungu. Kumsemesha ni mwiko, kumwona ni mwiko, na maneno yale yangemuua binti yake mara ya pili. Nilikaa mle nimekunja shingo mpaka udongo ukanikaukia midomoni. Nilipotoka, alikuwa ameondoka, na mchangani palikuwa na alama ya mtu aliyekaa muda mrefu.

Siku hiyo hiyo niliacha kuimba. Sikupunguza, niliacha. Vyungu nilisugua kimya. Nilijiambia ataisahau, atachoka kungoja, atarudi kwenye migomba yake. Nilihuzunika, msidhani sikuhuzunika. Kitu kimoja nilichokuwa nacho, nimekitupa mwenyewe. Lakini uzima wa mtu ni uzima wa mtu.

Basi jioni moja tunamenya ndizi, mama mkwe akasema, "Leo yule wa ziwani kaimba vizuri kuliko siku zote."

Nikamuuliza, "Leo?"

"Leo, jua likiwa utosini."

Jua likiwa utosini nilikuwa shambani na jirani yetu, napalilia mihogo, mgongo unaniuma. Nikasema labda ni mazoea, watu wakishazoea kusikia kitu wanakisikia hata kisipokuwapo. Kesho yake mvuvi mmoja akasema hivyo hivyo. Kesho kutwa tena. Na wote walitaja wimbo ule ule, wa udongo na mnywaji. Sikula vizuri kuanzia hapo. Kila nilipoingia kibandani nilivilaza vyungu vyote midomo chini.

Na baba mkwe alibadilika. Nilimjua kwa miguu, na miguu ilikonda. Kikohozi kilikuja kwa kuchelewa, mara nyingine nimekwisha kusikia hatua ndipo anakumbuka. Mkewe alisema hali chakula, anakaa ufukoni anatazama maji. "Anasema anaitwa," aliniambia, akinitazama sana usoni. Nikatazama chini.

Ikaja siku ya kungu. Asiyelijua ziwa letu asinibishie: ni vijidudu vidogo kuliko mbu, vinazaliwa majini, vinapanda juu kwa wingu moja kubwa jeusi. Ukiwa mbali unadhani ziwa linaungua. Upepo ukilisukuma wingu nchi kavu, kila mtu anakimbia na kikapu kilicholowekwa, anakizungusha hewani, vijidudu vinagandamana humo, tunavifinya kuwa mikate, tunachemsha. Mboga tamu sana. Lakini wingu likikufunika, mchana unageuka kama ndani ya moshi, unafunga mdomo na pua, humwoni hata aliye pembeni yako.

Tulikuwa mimi na mama mkwe mbele ya kibanda changu, vikapu juu, nguo puani. Wingu likatumeza. Watu wakapotea, zikabaki kelele zao tu, kisha kelele nazo zikafa. Ndipo nikaisikia.

Ilitoka majini. Ilikuwa sauti yangu ya chunguni, ile ile, nzito, na wimbo wangu, na mahali pale ninapovuta pumzi nayo ilivuta pumzi. Tofauti ilikuwa moja tu. Mimi naimba vizuri, lakini ile ilikuwa haina kasoro, imenyooka, haikuwa na haraka wala shaka. Na mimi nimesimama na kikapu mkononi, mdomo umefungwa kwa nguo! Nikauminya mkono wa mama mkwe. Naye akauminya wangu.

Kungu wakapungua kidogo, tukaona ziwa. Baba mkwe alikuwa ndani ya maji, yamempita magoti, anakwenda. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anakwenda bila kurusha mikono, kama mtu anayekwenda shambani kwake. Nilijifunika macho upesi kwa kiganja, lakini nilikwisha kuona.

Mama mkwe akapiga ukunga. Alimwita kwa kila jina analoruhusiwa mke kumwita mume, akaingia majini, akaanguka, akainuka. Mzee hakugeuka. Vijana wenye nguvu walikuwa milimani na mizigo ya boma. Kwa kelele zile watu wakaanza kutokea ndani ya wingu, wanawake na wazee na vikapu vyao, wakasimama mstari ufukoni, hakuna anayethubutu. Nani angeingia kumnyang'anya binti aliyekufa baba yake?

Mama mkwe akanigeukia, maji yanamchuruzika, akanishika mabega. "Imba!"

"Mama, mimi siwe..."

"Imba, wewe mtoto! Unadhani mimi ni kiziwi? Unadhani sijui mkwe wangu anafanya nini na vyungu vyake? Huyu mzee amepotea kwa ajili ya sauti yako, basi mrudishe kwa sauti yako!"

Nikafungua mdomo. Macho yote ya ufuko yalikuwa yametua kwangu. Nikarudi kanisani, kinanda kinalia, magogo ya nyuma yanasubiri kucheka. Pakatoka hewa. Nikajaribu tena. Hewa. Maji yalikuwa yamemfika mzee kifuani, na ile sauti ya ziwani inaendelea kwa raha zake, inamwita.

Nikakimbia kibandani. Wallahi wengine wangesema natoroka, na miguu yangu yenyewe ilidhani hivyo. Nikachukua chungu kilichokwisha kuchomwa, cha mdomo mpana, nikakivika kichwani mpaka mabegani. Giza. Harufu ya udongo na moshi. Hakuna anayeniona, nami simwoni mtu. Mwiko wa watu haukuvunjika na woga wangu umefungiwa ndani pamoja nami. Nikatoka hivyo hivyo, nikitazama vidole vyangu vya miguu chini ya ukingo, mpaka vikaguswa na maji. Nikaimba.

Loo, niliimba vibaya. Nawaambieni kweli. Sauti ilitikisika kama mtu mwenye homa, nikaruka maneno, nikarudi nyuma, nikakwama palepale kwenye mnywaji, nikaanza upya. Na ng'ambo ya maji ile nyingine inaimba pamoja nami, safi, haijikwai. Nililia mle chunguni. Nilisema moyoni, mzee ana masikio, atachagua iliyo nzuri, na iliyo nzuri si yangu.

Sijui niliimba mpaka lini. Najua kwamba nilisikia sauti moja tu imebaki, na ilikuwa ile mbaya. Kisha, mbele yangu, ndani ya maji, mtu akakohoa mara mbili. Akasimama kidogo.

Sikukimbia. Nilitazama chini, nikaona visigino vilivyopasuka vinapita ubavuni mwangu, vinadondosha maji, vinasimama. Kidole kikagonga chungu changu, ngo, ngo, kama wanavyogonga wanunuzi sokoni kusikia kama kina ufa. Chungu kikalia vizuri.

Baba mkwe akasema na mkewe, maana mimi hakuruhusiwa kusema nami: "Mwambie huyu aliyemo humu, ndaga fijo." Kwa Kinyakyusa ndiyo asante sana. Akavuta pumzi. "Yule wa huko haogopi kitu. Aliyekufa haogopi. Huyu anatetemeka kwa ajili yangu. Nikasema, basi huyu yu hai, na mimi narudi kwa walio hai."

Siku zilizofuata aliruhusu watu wamlilie binti yake. Walilia kwa siku kadhaa, naye akalia kuliko wote. Hakuna aliyenitaja. Ufuko mzima uliona miguu yangu na nguo yangu, na nani mwingine pale alikuwa Mkisi mwenye vyungu? Lakini Wanyakyusa wakiamua kutokukuona, hawakuoni. Walisema tu "Mwenye Chungu aje," kukiwa na harusi au msiba, nami nilikuja, kichwa chunguni, nikaimba, nikaondoka, kisha narudi bila chungu kuuliza, "Ameimba vizuri?" Wananijibu kwa uso mkavu, "Leo alijitahidi." Na mzee kila alasiri alipita kibandani, akakohoa, akakaa nje akanipa mgongo, akasikiliza. Mume wangu alirudi kutoka milimani na bega limeota sugu. Nikazaa.

Mzee alifariki vita ya Wadachi na Waingereza ikiwa imefika kwetu. Nilimwona uso kwa mara ya kwanza akiwa amelazwa kwenye mkeka. Alikuwa na alama ya kovu kwenye kidevu. Nilishangaa kwamba hakuna aliyewahi kuniambia. Kaburini wakasema, sasa huna wa kumficha uso, weka chungu chini, mwimbie wazi. Ilikuwa haki yake. Nikakiweka chungu mchangani, nikasimama mbele ya watu wote, nikafungua mdomo.

Hewa.

Nikasimama hivyo, jasho linanitoka, watu wanangoja, udongo wa kaburi umerundikwa pembeni. Na kutoka nyuma ya migomba, ambako hapakuwa na njia wala mtu, pakasikika kikohozi, kikavu, mara mbili.

Mwili wangu ulifanya ulivyozoea. Nilivuta nguo kichwani, nikachutama, nikawapa watu mgongo. Mama mkwe wangu aliyekuwa karibu nami akainama.

"Umesikia?" akaninong'oneza.

"Nimesikia, mama."

"Basi imba. Amesimama anangoja."

Nikaimba, na sauti ilitetemeka mpaka mwisho.